Fangasi Ikirudi Mara ya Nne, Usinunue Kidonge Kilekile

Mwaka juzi, kati ya mwezi wa tano na wa kumi na moja, fangasi ya ukeni ilinishika mara nne. Nalitaja waziwazi kwa sababu huku kwetu Newala jambo hili hunong'onwa jikoni tu. Unafika duka la dawa muhimu, unajifanya kuangalia sabuni mpaka wateja wanaume waishe, kisha unasogea dirishani: "Nipe ile ya mia na hamsini." Kijana anakupa kidonge kimoja cha flukonazo, dawa ya fangasi ya miligramu 150, hakuulizi kitu, nawe humwambii kitu.

Mara ya kwanza nilipona ndani ya siku tatu. Mara ya pili kuwashwa kulipungua, hakukuisha. Mara ya tatu nilimeza viwili, kwa hesabu zangu mwenyewe. Ya nne jirani akanishauri kitunguu saumu. Sitasimulia sana, niliungua, na kukaa kitako ikawa kazi.

Aliyenifumbua macho ni baba, na mpaka leo hajui. Mikorosho ilikuwa imetoa maua, na ubwiriunga ulikuwa umeyapaka weupe kama unga wa muhogo. Nikamuuliza mbona anahangaika kutafuta salfa wakati dawa ya maji imebaki nusu chupa. "Mama, ukipiga dawa ileile msimu mzima, ugonjwa unaizoea. Lazima uzungushe." Nikaiokota ile chupa nikasoma: heksakonazo. Heksakonazo, flukonazo! Ubwiriunga ni ukungu, nao ni jamii ya fangasi, na dawa hizi mbili ni za ukoo mmoja. Zote humzuia fangasi kutengeneza mafuta fulani anayoyahitaji kujengea ngozi ya seli yake. Mzee wangu wa darasa la saba alikuwa anatibu mikorosho kwa akili kuliko nilivyojitibu mimi.

Nikaenda hospitali. Daktari, mama wa makamo, alinipima sukari kwanza, akaniuliza kama nimepima VVU karibuni, kama nina mimba, kama nimetumia antibayotiki. Maswali yale si umbea. Kisukari na upungufu wa kinga hufanya fangasi irudirudi, antibayotiki huua bakteria wema wanaoizuia, na flukonazo si ya kumeza ovyo ukiwa mjamzito. Tena si kila muwasho ni fangasi. Kuna maambukizi ya bakteria, kuna trikomonasi, kimelea kinachoenezwa kwa kujamiiana, na hayo kidonge kile hakiyagusi kabisa.

Darubini ilionyesha vimelea jamii ya hamira. Hapo wengi huandikiwa dawa wakaenda zao. Yeye akasema darubini haitoshi, maana hamira hizi hufanana, tuoteshe, yaani tuwakuze maabara mpaka wajulikane ni aina gani. Wakachukua majimaji kwa pamba, nikaambiwa nirudi baada ya siku chache. Nauli mara mbili, nilinuna.

Majibu yakaja: Candida krusei. Fangasi nyingi za ukeni husababishwa na Candida albicans, na huyo flukonazo humweza mara nyingi. Krusei ni nadra, na flukonazo haimwezi kwa asili yake. Hakujifunza usugu kwangu, alizaliwa nao. Kwa hiyo vidonge vyote vile nilikuwa namrushia mawe mtu aliye ndani ya nyumba ya saruji. Huenda hata nilimsaidia, kwa kuwaondoa waliokuwa wanagombania naye nafasi.

Daktari akacheka akaniambia krusei huonekana hata kwenye togwa linapochachuka. Nikashtuka, maana togwa ndiyo chai yangu. Akanituliza: togwa halina kesi hapa.

Nilipewa nistatini ya kuweka ukeni, kidonge kimoja kila usiku kwa siku 14. Ni dawa ya zamani, iligunduliwa mwaka 1950 na wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, na yenyewe hutoboa ile ngozi ya fangasi moja kwa moja. Siku ya sita nilijiona mzima, nikatamani kuacha. Nilimaliza zote. Lakini usiende kuiomba dukani kwa sababu mimi ilinifaa. Kimelea chako huenda si changu.

Dada yangu, ikirudi mara tatu au nne ndani ya mwaka, mwambie daktari neno hili hili: "Naomba kuotesha." Taja kila dawa uliyomeza, hata zile za aibu. Ndimu, siki na vitunguu viache jikoni.

Na hili si la wanawake peke yao. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya fangasi 19 wa kuangaliwa, krusei akiwemo. Kundi la hatari zaidi lina Candida auris, aliyeelezwa kwanza Japani mwaka 2009 kutoka sikio la mgonjwa. Huyo huingia kwenye damu ya waliolazwa mahututi, huhama kitanda hadi kitanda, na mara nyingi flukonazo haimtishi. Kenya na Afrika Kusini wamekwisha kumpata. Ukienda kumwona mgonjwa wodini, nawa mikono kuingia na kutoka.

Masika iliyofuata niliwashwa tena kidogo. Sikwenda dirishani. Nilikwenda kwenye mfuko wa kadi za kliniki za watoto, ninapoitunza karatasi ya majibu yale, nikapanda bodaboda nayo.