Mume wangu anabeti mpaka hela ya kodi, nimlipie tena madeni?

SWALI: Shikamoo Anti. Mume wangu anaendesha boda hapa Mbagala, zamani alikuwa anabeti jero au buku wikiendi, ikiliwa basi, ila sasa hivi anaweka mkeka, yaani tiketi ya kubashiri mechi kadhaa, kila siku mpaka mechi za usiku wa manane za timu hata hazijui. Kodi yetu ya miezi mitatu imeenda hivyo hivyo, nikaja kugundua ana kausha damu mbili, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, na mikopo ya kwenye simu, nikatoa hela yangu ya kikoba nikalipa yote akaapa kwamba ameacha, haikupita muda nimekuta mikeka mingine. Anasema akipiga jekipoti moja tu anaacha. Wifi anasema nimuombee, dada yangu anasema niondoke. Nimlipie tena? – Mama Nasri

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Hapana, usimlipie. Najua wale wa kausha damu wakija wanabeba tivii na friji na majirani wanatazama, ndo maana inauma kusema hivi, lakini ukilipa kimya kimya yeye anapumua na mlango wa kukopa unafunguka upya, na wewe ndo unabaki huna akiba.

Sasa nikueleze kinachoendelea ili usimuone ni mtu asiyekupenda. Kubeti kukifika hapo ni ugonjwa, Shirika la Afya Duniani linautambua hivyo, na wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani tangu 2013 wameuweka kundi moja na ulevi wa pombe na madawa. Mtu anashindwa kujizuia, kubeti kunatangulia mbele ya kazi na familia, na madhara anayaona ila anaendelea tu. Kinachomrudisha zaidi ni kufukuzia hela iliyoliwa, kila akiliwa anaamini dau linalofuata litarudisha yote. Halafu kuna ule mkeka wa timu kumi unaochanwa na timu moja, wewe unaona kapoteza, yeye kichwani anaona alikaribia kabisa, kesho lazima.

Hiyo jekipoti mwambie mpige hesabu pamoja. Mechi 13, kila moja ina majibu matatu, nyumbani, sare, ugenini, kwa hiyo kuna njia 1,594,323 za kujaza huo mkeka na iliyo sahihi ni moja. Hata mechi ya kawaida, tuseme magoli zaidi ya mawili na nusu au pungufu, kila upande odi 1.85, yaani ukishinda unarudishiwa dau lako mara 1.85, mtu akiweka buku huku na buku kule katoa 2,000 na atarudishiwa 1,850, ile 150 imebaki kwa kampuni hata matokeo yakiwa yapi. Anayecheza kila siku analipa hiyo kila siku. Na hata akishinda kweli, aliyefika hatua hii mara nyingi hela inarudi hukohuko.

Kuongea naye, usianze usiku ule ametoka kuliwa wala mbele ya watoto. Asubuhi akiwa ametulia, kama kuna kaka au mjomba anayemheshimu awepo, mwambie aandike madeni YOTE kwenye karatasi, nani anadai, kiasi gani, tarehe gani, maana wanaobeti huwa wanataja nusu. Aende mwenyewe kwa wanaomdai akaombe kulipa kidogo kidogo, wewe umsindikize ukitaka ila usiweke jina lako wala vyombo vyako dhamana. Kodi umpelekee mwenye nyumba wewe, hesabu ya bosi wa pikipiki iende kila jioni, yeye abaki na ya mafuta na chakula. Aombe akaunti zake zote za kubeti zifungwe, afute na programu kwenye simu, na kama kijiweni wanashinda wanaandika mikeka ahamie kijiwe kingine kwa muda.

Hayo yanapunguza moto tu, tiba ni hospitali. Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili, ila kwa mlipo anzieni hospitali ya rufaa Temeke, amwambie daktari wazi kwamba nimeshindwa kuacha kubeti, asiseme eti silali vizuri. Tiba yenyewe zaidi ni mazungumzo, anafundishwa kujua hamu inamjia saa ngapi na afanye nini ikija, na wengi huwa na sonona au pombe pembeni nayo inatibiwa. Kuombewa ni sawa, aombewe na kliniki aende.

Kitu kimoja usikiache. Madeni ya hivi yanawafikisha watu kutaka kujiua, kwa hiyo muulize moja kwa moja, kuuliza hakumpi hilo wazo. Akikubali, usimwache peke yake, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Na akikupiga au akikutisha kwa ajili ya hela, kituo cha polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto.

Kuondoka au kubaki siwezi kukuamulia, ila kaa naye kwa masharti yanayoonekana, kliniki na ile karatasi ya madeni, kiapo umeshapewa.

SWALI: Anti, mwanangu ana miaka 15, hela ya nauli anaimalizia kwenye dubwi, ile mashine ya kamari, lililopo nje ya duka jirani. Je inaruhusiwa? – Baba Asha, Manzese

JIBU: Hairuhusiwi baba, chini ya miaka 18 ni marufuku. Ongea kwanza na mwenye duka, akikaidi nenda serikali ya mtaa na upeleke taarifa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kijana usimpige, muulize ameanza lini na anadaiwa na nani shuleni, na nauli mpe ya siku kwa siku.