Asilimia 90 Halafu Risasi Inapita Pembeni

Wajameni, mwezi huu simu imejaa na barua karibu zote ni za gemu moja, Hard West, lile la macowboy na mashetani, la kwanza la 2015 na la pili la 2022. Nahisi kuna mtu kalinunua kipindi cha punguzo akawaambukiza wenzake hapa Tanga, kuanzia Makorora mpaka Raskazone. Kwa asiyelijua, ni gemu la kompyuta la zamu kwa zamu, una kikosi chako cha watu wachache, unawaficha nyuma ya mapipa na kuta, unasogeza, unapiga, ukimaliza adui naye anacheza zamu yake. Hamna kushindana kasi ya vidole kama kwenye mpira wa pleistesheni, unaweza ukaenda kunywa chai ukarudi ukakuta jamaa bado wanakusubiri. Haya tuanze.

Kaka, nacheza Hard West 2 na nimebaki kidogo niivunje laptopu. Nimemsogelea jamaa mpaka karibu, imeandika asilimia 90, napiga, inakosa. Napiga tena, inakosa. Hili gemu linaniibia au?
*Fundi simu, Barabara ya 12, Ngamiani*

Fundi, hujaibiwa. Wewe ukiona 90 kichwani unasoma "hakika", hapo ndo shida inapoanzia. 90 maana yake katika risasi kumi moja ni ya kutupa, na kwenye misheni moja unapiga ngapi? Ukipiga tano mfululizo zote za 90, nafasi ya zote tano kuingia ni kama asilimia 59 tu. Zikiwa za 80 ukapiga tatu, unabaki na 51, yaani hapo umerusha shilingi juu. Na hilo la kukosa mbili mfululizo ni mara moja kwa mia, sasa mtu mwenyewe umeshapiga mamia ya risasi, si lazima siku moja ikukute tu?

Halafu nina swali na mimi. Ile bahati uliitumia? Maana kwenye hili la pili ukikosa bahati yako inapanda, na hiyo bahati unaruhusiwa kuimwaga kwenye risasi inayofuata ili asilimia ipande. Watu wengi wanaitazama tu kama pambo. Ulivyokosa mara ya kwanza ulilipwa, ukaacha hela mezani ukapiga tena kwa hasira.

Wanaocheza lile la kwanza msichanganye lakini, kule bahati inafanya kazi nyingine, ni kama ngao. Risasi ikikukosa bahati inapungua, ikikupata inapanda, na ujuzi maalumu nao unailipia kwa bahati hiyohiyo. Kwa hiyo mtu wako aliyekoswakoswa mara tatu na anaonekana mzima kabisa, huyo ndo wa kumrudisha nyuma haraka, na yule aliyetoboka bega muda si mrefu anaweza akawa na akiba ya kusogelea. Mimi ilinichukua wiki kuelewa, nilikuwa namsifia mtu "huyu ana nyota" halafu zamu inayofuata namzika.

Turudi kwako. Siri ya Hard West 2 wala haipo kwenye asilimia, ipo kwenye kitu wanakiita Bravado. Ukiua adui, pointi zote za kitendo za aliyeua, zile za kusogea na kupiga, zinarudi, palepale, ndani ya zamu hiyohiyo, ukiua tena zinarudi tena. Siku moja nilikuwa nacheza barazani hapa, mzee jirani yangu ambaye ni fundi wa bao, na wanaokaa Ngamiani watajua namsema nani, akaja akakodoa macho kwenye skrini. Kiingereza hajui, cowboy hamjui. Akatazama zamu mbili, akasema, "Hili bao hili. Huyu kala, anaendelea." Nikacheka kisha nikanyamaza, kwa sababu ni kweli kabisa. Kwenye bao unakula, unasambaza, kete ya mwisho ikiangukia kwenye shimo lenye kete unazoa unaendelea, mpaka uangukie shimo tupu, ulale. Bravado ndo hiyo. Unaua, unaendelea, mpaka ulale.

Sasa mcheza bao hali tu kwa sababu kuna cha kula, anatazama kwanza mkono utaishia wapi. Nikupe zamu yangu ya juzi: maadui wanne uani, mmoja mzima kabisa kajibanza nyuma ya ukuta, watatu wametawanyika. Ule uchu wa kawaida unakwambia muue wa karibu. Sikumuua. Nilianza na wengine wa kikosi, nikamjeruhi huyu, nikamjeruhi yule, nikamtumia Flynn ambaye uwezo wake ni kubadilishana nafasi na mtu mwingine, nikambadilisha mpaka nikapata upande usio na ukuta. Mpaka hapo sijaua mtu, ukinitazama utasema huyu hajui. Ndo nikamshika Gin Carter, jambazi mkuu wa hadithi, ambaye nilimwacha makusudi na pointi zake zote, wa kwanza chali, pointi zimerudi, nikasogea, wa pili, zikarudi, wa tatu. Wa nne nilikosa. Asilimia 85 ile. Nikalala.

Kwa hiyo anayeua awe wa mwisho kucheza, wengine wote wampikie. Na laptopu uiache, fundi mzima ukivunja yako nani atakutengenezea?

Habari za kazi. Mwanangu yuko darasa la sita, kila jioni yuko na hili gemu kwa binamu yake. Nilipita nikasikia lisauti zito linaongea habari za kifo, nikatazama kuna watu wenye pembe. Hili gemu si la kishetani kweli? Niambie ukweli maana wao wananiambia ni la farasi.
*Mama, Chuda*

Shikamoo mama. Farasi wapo, hawajakudanganya kote, ila wamekupunguzia.

Lisauti ulilolisikia ni Mauti mwenyewe, kwenye gemu la kwanza ndiye anayesimulia. Aliyeigiza sauti hiyo ni Mmarekani Kevin Conroy, yule aliyekuwa sauti ya Batman kwenye katuni miaka mingi, alifariki 2022. Hadithi ziko nane, na nyingi ni za mtu aliyepata shida, akapewa njia ya mkato, akaikubali, kisha deni likaja kudaiwa. Lile la pili linaanza na jambazi Gin Carter anacheza kamari kwenye treni ya mizimu na pepo anaitwa Mammon, na dau ni roho yake, na anashindwa. Hilo jina Mammon limetoka kwenye neno la kale la Kiaramu lenye maana ya mali, kwenye Biblia ya Kiswahili pale "hamwezi kumtumikia Mungu na mali" ndo lenyewe hilo limefasiriwa. Kwa hiyo kama ni suala la kumwabudu shetani, hapana, shetani mle ni mtu wa kudhulumu na anayemwendea analia.

Na sisi watu wa Tanga tukisema tunaogopa mambo ya mizimu kwenye kompyuta watatucheka, tayari ukifika Dar ukataja umetoka wapi mtu anakuuliza umekuja na basi au na ungo.

Lakini mama, umeniomba ukweli. Darasa la sita bado. Sababu sio pembe, sababu ni damu, watu wanauana kwa karibu, kuna kunyongana, kuna pombe na kamari inayoonekana tamu. Na lile la kwanza lina huzuni nzito ambayo mtoto hawezi kuieleza, atakaa nayo tu. Mwambie asubiri akifika kidato cha tatu huko. Binamu mtu naye mwulize vizuri kwa nini alisema la farasi.

Anko shikamoo. Kwenye Hard West la kwanza maadui wananitokea kwenye kona ghafla kabla sijawaona. Nifanyeje?
*Kidato cha nne, Mabawa*

Marahaba. Acha kutazama kona, tazama chini. Vivuli mle vinafanya kazi kweli, kuna jua, na mtu aliyejificha nyuma ya ukuta kama jua liko mgongoni kwake kivuli chake kinatangulia, unakiona kimelala kwenye mchanga kabla ya mwenyewe. Kuna misheni nilisimama kabisa nikasema sisogei, kwa sababu upande wa kulia wa banda kulikuwa na kivuli cha kofia. Kofia tu. Nikamzungusha mtu wangu nyuma ya banda, nikamkuta jamaa katega bunduki anasubiri upande nilioacha kwenda. Ni kama saa kumi na moja jioni hapa mtaani, ukiona kivuli cha fimbo ukutani unajua mwalimu wa madrasa anakaribia na unageuza njia.

Ila na wewe una kivuli, usisahau. Na mitihani je?

Zile karata unapewa kwenye Hard West nizipangeje? Mimi naweka kubwa kubwa tu.
*Dereva bodaboda, Mikanjuni*

Ukubwa peke yake haukusaidii sana. Kila karata inampa mtu wako kitu chake, lakini ukizipanga zikatengeneza mkono wa poka, jozi, tatu za namba ileile, tano zinazofuatana, rangi moja, unapata nyongeza juu yake. Kwa hiyo ree ya shupaza iliyokaa peke yake kwa mtu mmoja inaweza ikawa na faida ndogo kuliko saba tatu. Usimgawie kila mtu moja moja kama sadaka, chagua mmoja umjenge.

Gemu la Marekani mbona nasikia limetengenezwa Poland? Na kama Wapolandi wameweza, sisi Tanga tunashindwa nini kutengeneza letu?
*Mwanafunzi wa chuo, Kwaminchi*

Ni kweli, la kwanza ni la CreativeForge Games wa Warsaw, na la pili la Ice Code Games, nao wa hukohuko Poland. Wanajua jangwa la Marekani kama unavyolijua wewe, kwenye filamu tu. Hili swali limenifurahisha mpaka nimechelewa kulala.

Hebu hesabu na mimi. Western, yaani hadithi ya macowboy, inataka nini? Reli mpya inayokatiza pori: ya kwetu ilianza kujengwa 1893, ikafika Mombo 1905, ndo ya mwanzo katika koloni lote la Wajerumani hapa. Inataka mashamba makubwa ya mabwana na vibarua wanaotoka mbali: mkonge, nao uliletwa mwaka huohuo 1893. Inataka majambazi wenye jina, ambao polisi wanawatafuta na wanakijiji wanawaficha: tunao Osale Otango na Paulo Hamisi, miaka ya 1950, wazee wanawasimulia mpaka leo kwamba walikuwa wanawaibia walowezi na kuwagawia maskini, na maficho yao yalikuwa mapango ya Amboni. Na inataka mahali ambapo mtu hajui kama ameingia pangoni au ameingia kwa wenyewe. Amboni hiyohiyo, mle ndani kuna chumba cha mzimu, watu wanaweka sadaka, ukiingia na tochi unakuta chupa za marashi na vitambaa na hakuna anayekwambia nani kaweka. Poland wametunga treni ya mizimu kutoka kichwani, sisi pango tunalo, nauli ya bajaji tu.

Na uwezo maalumu je? Novemba 1914 Waingereza walishuka Tanga na jeshi la watu kama 8,000, Wajerumani na askari wao walikuwa kama elfu moja hivi, Waingereza wakashindwa, na katikati ya mapigano nyuki wakachokozwa na risasi wakatoka kwenye mizinga wakawachoma watu wa pande zote mbili. Waingereza wenyewe wanaviita vita vya nyuki. Hebu fikiria huo ni ujuzi kwenye gemu: unapiga mzinga, nyuki wanatoka, zamu mbili hakuna anayeweza kulenga sawasawa, asilimia za wote zinaporomoka, zako na wewe. Hapo lazima uwe umeshajipanga. Risasi za kudunda kwenye chuma, kama zilivyo Hard West, tunaziweka stesheni, mabehewa si yapo.

Tunachoshindwa ni mtu wa kukaa miaka miwili bila mshahara. Nyinyi wa chuo mnaojua kuandika programu mkijikusanya wanne, hadithi naandika mimi bure, na huyo mzee wa bao tunamweka awe mshauri wa zamu, ila mumnunulie kahawa na kashata.

Mimi sina kompyuta, nina simu tu. Nakosa?
*Mpasua samaki, Deep Sea*

Hard West utalikosa, ni la kompyuta. Tafuta XCOM 2 Collection, lilitoka kwenye Android 2021, mchezo wa familia hiyohiyo, zamu, kuta, asilimia zilezile za kukuumiza roho, ila adui sio pepo ni viumbe kutoka angani. Ni zito sana, futa video za harusi kwanza, na simu iwe ya nguvu. Kama simu haina nafasi njoo barazani baada ya alasiri, bao liko pale, ukila unaendelea.