Mzambarau wa mbele ya nyumba: tuukate au tuuache?

SWALI: Ndugu Mhariri, mbele ya nyumba yetu pana mzambarau mkubwa tulioukuta tulipohamia. Msimu wa matunda, zambarau hudondoka mchana kutwa zikatia madoa sakafuni, kwenye gari na kwenye viatu vya kila aingiaye, na usiku popo huzirusha mbegu ukutani. Mume wangu amechoka na anataka ukatwe. Mimi ndiye ninayefagia, lakini moyo wangu unasita. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, uchafu na hatari ni mambo mawili tofauti, nami naomba mlitazame la pili kwanza, kwa kuwa ndilo lisilosubiri. Uzungukeni mti pamoja, mkianzia kwenye kitako cha shina. Uyoga ulioota hapo ni dalili ya kuoza ndani, hata kama majani yamestawi. Udongo uliotutumka au kupasuka upande mmoja huonyesha kwamba mizizi imeanza kulegea. Na panda yenye ufa, hasa pale matawi mawili mazito yalipobanana hadi gome likazama katikati yao, ndiyo hupasuka siku ya upepo. Mti uliokua umeinama tangu mchanga kwa kawaida hautishi, bali ulioanza kuinama hivi karibuni ni wa kuogopwa. Mkiona mojawapo ya dalili hizi, mwiteni mtaalamu wa miti mapema. Huenda ushauri wa mume wako ndio utakaofuatwa.

Ikiwa mti ni mzima, mimi nisingeukata. Matunda huanguka kwa majuma machache, ilhali kivuli kinachoupoza ukuta wa mbele mnakipata mwaka mzima, na mche mtakaoupanda badala yake utachukua miaka mingi kabla ya kuwapa kivuli kama hicho. Isitoshe, kuukata si mwisho wa kazi: kisiki cha mzambarau huchipua tena kisipong'olewa, na mizizi ikioza ardhini udongo hutitia, pengine pamoja na sakafu iliyo juu yake.

Kinachowasumbua hasa, kwa maoni yangu, ni saruji iliyo chini ya mti. Zambarau iliyokanyagwa kizingitini hupasua ngozi yake nyembamba na kuacha doa la rangi ya wino, ambalo maji huliondoa kwa urahisi likiwa bichi, lakini likishakauka hudai brashi na nguvu za mkono. Tunda hilohilo likiangukia udongo uliotandazwa majani makavu au vipande vya mbao, huoza likawa mbolea. Bomoeni sehemu ya saruji iliyo chini ya matawi kwa uangalifu, bila kukata mizizi minene, kisha egesheni gari mahali pengine msimu huo.

Matawi yanayoning'inia juu ya mlango na paa yapunguzwe, ila jumla yake isizidi robo ya matawi yenye majani kwa msimu mmoja, na kila tawi likatwe nje kidogo ya uvimbe unaoliunganisha na shina ili jeraha lifunge vizuri. Fundi akipendekeza kuufyeka mti kileleni, mkatalieni: machipukizi yanayofuata hushikilia kwa udhaifu na mikato mikubwa hukaribisha uozo, nanyi mtakuwa mmejitengenezea ile hatari ambayo leo hamna.