Kwa nini makundi makubwa ya grime yalififia London

Ndugu uliyeuliza kwa nini grime, muziki wa kughani kwa kasi juu ya midundo ya kielektroniki, ilianza na makundi ya watu kumi na zaidi, kisha yakabaki majina ya mtu mmoja mmoja: niliishi Newham, mashariki mwa London, makundi hayo yalipokuwa na nguvu, na jibu linalotolewa na wengi, kwamba yalivunjwa na ugomvi na tamaa ya fedha, linaniridhisha nusu tu.

Kundi lilikuwa zao la redio. Stesheni zisizo na leseni, kama Rinse FM (iliyoanzishwa 1994) na Déjà Vu, zilirusha matangazo kwa antena zilizofichwa juu ya maghorofa (Slimzee, mmoja wa waanzilishi wa Rinse, alifikia kupigwa marufuku mwaka 2005 kupanda mapaa ya Tower Hamlets, eneo la mashariki mwa London), na aliyetaka kipindi alichangia ada. Kipindi cha saa mbili hakibebwi na kinywa kimoja. Mapigo ni 140 kwa dakika, DJ anabadilisha santuri bila kusubiri, na MC, yaani mghani, akimaliza mistari yake minane au kumi na sita lazima awepo mwenzake wa kupokea maiki ili yeye avute pumzi. Nilikuwa nikirekodi vipindi hivyo kwenye kaseti, na ninavyokumbuka hakuna aliyekuwa akingoja wimbo. Tulingoja sauti fulani ishike zamu, na mistari ikikolea DJ anairudisha santuri mwanzo. Chipukizi alijifunza kazi humo humo, akivizia nafasi kati ya wakubwa, na midundo ilitengenezwa ndani ya kundi lenyewe: Wiley aliwatengenezea wenzake wa kundi la Roll Deep, na kundi la Ruff Sqwad la Bow, mashariki mwa London, walikuwa na Rapid na Dirty Danger.

Tatizo lilianza muziki ulipotakiwa kuuzwa kama wimbo. So Solid Crew wa Battersea, kusini mwa London, ambao hasa walikuwa watu wa garage (muziki wa dansi uliozaa grime), walilikwepa kwa ujanja: katika wimbo mmoja kila mtu alipewa sekunde 21, na wimbo huo ukashika namba moja Uingereza Agosti 2001. Ujanja wa namna hiyo haurudiwi mara mbili. Lebo, yaani kampuni za kurekodi, zilichagua mtu mmoja mmoja: Dizzee Rascal, aliyekuwa Roll Deep, alitwaa tuzo ya Mercury, ya albamu bora ya mwaka Uingereza, mwaka 2003 kwa albamu yake mwenyewe, na Kano wa kundi la N.A.S.T.Y Crew akatoa ya kwake 2005. Aliyeondoka aliondoka na wasikilizaji wake.

Polisi nao walichangia, tena kwa kiasi ambacho naona hakisemwi vya kutosha. Kuanzia 2005 hadi 2017 polisi wa London walitumia Fomu 696, iliyomtaka mwandaaji wa onyesho awasilishe majina, anwani na simu za wote watakaopanda jukwaani. Kwa msanii mmoja huo ni usumbufu. Kwa kundi la watu kumi na wawili, kila jina ni sababu nyingine ya kukataliwa, na mwenye ukumbi anayeogopa kupoteza leseni hatajihangaisha nalo.

Mwaka 2010 Rinse ilipata leseni, na mwaka huohuo Roll Deep walishika namba moja mara mbili, kwa nyimbo za dansi ambazo, kwa sikio langu, zingeweza kuimbwa na yeyote.

Kundi la Boy Better Know lilidumu kwa sababu Skepta na mdogo wake JME waliianza 2005 ikiwa pia lebo: kila mmoja anatoa kazi yake, na jukwaani wanapanda pamoja. Skepta aliishinda Mercury ya 2016 kwa albamu iliyotoka kwenye lebo hiyo.

Ukitaka kuyasikia makundi yenyewe, acha albamu, hata ile ya kwanza ya Roll Deep ya 2005. Tafuta rekodi za vipindi vya redio vya 2002 hadi 2005, mikwaruzo na matangazo ya disko yakiwemo.