Mbio za Julai zimekwisha, Agosti kaa nyumbani

Kijana mmoja wa Manyoni ameniandikia baada ya mbio za Dodoma za mwezi wa saba. "Kaka, nimekimbia vizuri, mwili bado una moto. Kuna mbio Mwanza wiki mbili zijazo, halafu Dar. Niende zote?" Nilimjibu kwa kifupi kwamba asiende. Leo namjibu kwa kirefu, maana wakimbiaji wengi wa kanda hii ya kati wanaoota kuvaa bendera ya taifa kifuani wana swali hilo hilo, na wengi wao kocha anawasukuma waende.

Mimi nilisukumwa. Nilikuwa kwenye klabu moja ambayo sitaitaja. Tulikuwa tumemaliza mbio kubwa mbili zilizokaribiana, na mshipa wa kisigino cha kushoto, ule mnene wa nyuma ya mguu, ukaanza kuniuma. Mnayajua maumivu yale: ukiamka, hatua za kwanza unachechemea, ukishapata joto yanapotea, unajidanganya umepona. Nilimwambia kocha kwamba msimu wangu umefika mwisho, naomba mwezi wa kupumzika. Akasema mbele ya wenzangu wote kwamba mkimbiaji anayeomba likizo ni mvivu aliyevaa raba. Safari iliyofuata jina langu halikuwemo, na posho ikakatwa. Miaka imepita, lakini maneno yale bado yananikaa kooni. Wenzangu wawili waliokwenda safari ile wakiwa wanachechemea kama mimi hawakimbii tena. Mmoja anaendesha bodaboda Singida mjini, na alikuwa na miguu mizuri kuliko yangu.

Nilirudi kwa mama, Chamwino. Wiki za mwanzo sikukimbia kabisa. Nilikula ugali wa uwele na mlenda, nikalala mchana, nikaongezeka uzito bila kujilaumu. Baadaye nikaanza kutibu kisigino kwenye ngazi ya saruji ya mlango wa jikoni. Unasimama kwa vidole ukingoni, visigino vikiwa hewani. Unajiinua kwa miguu yote miwili, kisha unahamishia uzito kwenye mguu mbovu na kushuka nao taratibu mpaka kisigino kipite chini ya ukingo. Unajiinua tena kwa mguu mzima. Mara 15, unapumzika, unarudia mpaka seti 3, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Zoezi hilo halina raha yoyote. Mama alikuwa anapita na sufuria ananiuliza, "Bado tu hujachoka kupanda na kushuka hapo?" Lakini mshipa ulikaza, na mpaka leo haujanisumbua.

Ulipofika wakati wa kukimbia nilikwenda polepole, kwenye njia za vumbi kando ya mashamba ya zabibu, mbali na lami, kwa mwendo ambao ningeweza kupiga soga na mtu bila kuhema. Vilima vilifuata, kasi ikaja mwisho kabisa. Mwishoni mwa Februari nikaenda Moshi kukimbia nusu marathoni. Wanaoijua njia ile wanajua mlima wa kuelekea Mweka unavyowatenganisha watu. Pale ndipo nilipowapita watu wa klabu yangu ya zamani, mmoja mmoja, wakiwa na uchovu wa mbio za mwaka mzima miguuni. Kocha wangu wa zamani alikuwa uwanja wa Ushirika, mbio zinapoishia, nilipoingia. Hakunisalimia. Sikuhitaji salamu yake.

Sasa nisikilizeni vizuri. Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, mwaka 2025 alikuwa wa pili kwenye marathoni ya Boston mwezi Aprili. Septemba akashinda dhahabu ya dunia Tokyo kwa saa 2:09:48, akimzidi Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 tu. Kati ya marathoni hizo mbili kuna karibu miezi mitano. Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, aliposhinda New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, hakufika pale kwa kuokoteza kila mbio aliyoisikia. Na ninyi mnataka kukimbia kila Jumapili kwa sababu ya medali na tisheti?

Najua njaa ipo. Bahasha ya mshindi wa tatu inalipa kodi ya chumba, na simlaumu mtu aliyekwenda kwa sababu hiyo. Ninayemlaumu ni kocha anayemtuma mtoto mgonjwa ili klabu ionekane. Basi chagua mbio mbili kubwa kwa mwaka, nyingine zote ziwe za kukuandaa kwa hizo mbili, au ziache. Ukimaliza moja, pumzika. Ukisikia umepona, pumzika wiki moja zaidi.

Hali ya hewa ya kwetu yenyewe inakusaidia kupanga. Agosti pumzika. Septemba anza kukimbia taratibu. Oktoba na Novemba joto la Dodoma ni kali, kwa hiyo uwe barabarani kabla ya jua kuchomoza, na hapo ndipo pa kupanda vilima. Kilima cha Imagi pale Dodoma mjini kinatosha. Mvua zikianza Desemba vumbi linatulia na asubuhi inapoa, ndipo ongeza kasi ukielekea Moshi. Baada ya Moshi pumzika tena, kisha jenga upya kwa ajili ya Julai.

Mdogo wangu wa Manyoni, Mwanza usiende. Wiki hii na ijayo viatu viweke ndani. Ukiamka asubuhi, kabla hujatembea, minya mshipa wa kisigino kwa vidole viwili, kushoto na kulia. Ukikuta panauma au pamevimba, niandikie ulipo na panavyouma, tuanze na ngazi.