Ndoo nyeusi juu ya zege

SWALI: Nina paa bapa la zege hapa Mombasa. Nimejaza udongo wa shamba kwenye ndoo nyeusi za lita 20, nikapanda mchicha na bamia. Saa saba mchana vyote vimelala hata nikimwagilia, na udongo umekuwa kama tofali. Nakosea wapi?

JIBU: Mizizi inapikwa. Ndoo nyeusi hunyonya jua ubavuni, na zege huichemsha chini. Ziinue juu ya vipande vya mbao, hewa ipite, kisha zipake chokaa au zizungushie gunia.

Udongo wa shamba peke yake haufai kwenye chombo: hushikana, maji yakapita pembeni mizizi ikabaki mikavu. Changanya mboji sehemu 2, vumbi la makumbi ya nazi 2, mchanga wa mtoni 1. Makumbi yana chumvi. Yaloweke na kuyasuuza mara tatu kwa maji baridi kwanza. Kamua konzi ya mchanganyiko: ukitoa matone machache, uko sawa. Toboa matundu ya kutosha chini, kisha funika juu kwa majani makavu.

Mwagilia alfajiri na jioni. Kingo za majani zikiungua, shuku maji ya kisima yenye chumvi. Kivuli cha neti wekea sukuma wiki. Mchicha na bamia hupenda jua.

Usimwage udongo paa zima: mita moja ya mraba yenye kina cha sentimita 20, ikilowa, hupita kilo 300. Muulize mhandisi kwanza.