Simu ya kikundi ikae kwa nani?

Nilikuwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kwa miaka 19 kabla sijakabidhiwa safu hii, kwa hiyo barua za mwezi huu nimezisoma kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu najua vikundi vingi viko kwenye shimo hilohilo, ila wanaona aibu kusema.

*Shikamoo Mama. Sisi ni akina mama wanane, tunapika chakula cha sherehe na semina. Tuliambiwa ukitaka zabuni ya halmashauri, hata ya chai na vitafunwa, lazima uwe kwenye NeST, ule mfumo wa mtandaoni wa zabuni za serikali. Hatukujua pa kuanzia. Tukampa kijana wa steshenari pale stendi shilingi elfu kumi na tano, akatusajili. Namba ya simu aliweka yake, na barua pepe alifungua yeye. Sasa kahamia Dar es Salaam, steshenari imefungwa, na sisi hatuwezi kuingia. Mafunzo yalifanyika mara moja tu, makao makuu ya halmashauri. Nauli kwenda na kurudi elfu kumi na mbili, tukaonyeshwa picha ukutani zenye maandishi ya Kiingereza, saa nane tukagawiwa soda tukarudi. Tufanyeje?*
*Mwenyekiti wa kikundi, Kusini*

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Kabla ya yote, mtafuteni huyo kijana kwa wema. Msianze na lawama. Alifanya kazi mliyompa, tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia aifanye vipi, na kwa sasa simu yake ndiyo ufunguo wenu. Kama namba ile bado iko hewani, mwombeni aingie kwenye akaunti huku mmoja wenu akiwa naye kwenye simu, abadilishe namba na barua pepe aweke za kikundi, siku hiyohiyo. Mtumieni na ya soda.

Kama namba imekufa, kaeni kikao. Muhtasari useme wazi kwamba namba na barua pepe za zamani hazitumiki tena, mpya ni hizi, na anayezishika ni fulani. Wanachama wote watie sahihi. Chukueni muhtasari huo pamoja na cheti cha usajili wa kikundi na katiba yenu, mwende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mwombeni awafikishe kitengo cha ununuzi cha halmashauri, ili ombi lenu lipelekwe kwa wasimamizi wa mfumo, ambao ni Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma. Msikubali mtu awaambie mfungue akaunti nyingine. Jina la kikundi chenu limeshaingia mle ndani, na la pili litagongana nalo.

Nawaomba msikate tamaa katikati, kwa sababu kinachotafutwa ni kikubwa. Sheria ya ununuzi imetenga asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi za umma kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Chai ya semina, usafi wa ofisi, kushona sare, fenicha, vyote vimo. Ni haki yenu kisheria, na leo mlango wake ni huo mfumo.

Sasa swali ambalo hamkuliuliza, nami naliona ndilo kubwa: simu ya kikundi ikae kwa nani?

Wengi wenu mmepita VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana. Mnalijua sanduku. Lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na mtunza sanduku si mmoja wao. Hakuna aliyewahi kukubali sanduku likabidhiwe kijana wa stendi pamoja na funguo zote tatu. Basi akaunti ya kikundi ni sanduku. Laini kwa kawaida husajiliwa kwa kidole cha mtu mmoja, hivyo awe mtu mliyemchagua kikaoni, na jina lake liandikwe kwenye muhtasari. Laini ikae ndani ya simu ya mwanachama mwingine. Neno la siri liandikwe kwenye karatasi, litiwe kwenye bahasha, bahasha ifungwe kwa gundi na sahihi zipite juu ya mdomo wake, kisha ikae kwa mweka hazina. Mkifungua bahasha, fungueni mbele ya watu watatu, kisha badilisheni neno hilo. Aliyesajili laini apige *106# mara kwa mara, aone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta asiyoijua, aende kwa mtandao husika kuifuta.

Kuhusu hayo mafunzo ya siku moja, niwaambie nilichokiona kwa macho yangu.

Nilikuwa na mama mmoja mwenye duka la rejareja. Leseni yake ilikuwa imekwisha, na maombi mapya yalitakiwa kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri. Mifumo hii mingi huanza na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, tarakimu 20. Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya kata, yeye na simu yake yenye kioo kilichopasuka pembeni. Anasoma tarakimu moja kwenye kitambulisho, anaitafuta kwenye simu, anabofya. Akifika ya kumi na moja kioo kinazima. Akiwasha, hajui alifika wapi, anafuta zote, anaanza upya. Mara ya tatu jasho lilikuwa linamtoka, akaniambia, "Mama, hii si kazi yangu."

Nikakifunika kitambulisho kwa kiganja. Nikamwuliza, ulizaliwa mwaka gani? Akataja. Nikamwambia andika. Mwezi gani? Andika. Tarehe? Andika. Nikafunua kitambulisho, nikamwonyesha kwamba tarakimu nane za mwanzo ameshaziandika bila kutazama popote, maana ni siku yake ya kuzaliwa. Akazitazama kwa muda. Akasema, "Kumbe hii namba ni mimi mwenyewe." Zilizobaki tukazigawa kama zilivyogawanywa kwenye kitambulisho: tano, tano, mbili. Hakukosea. Mwaka uliofuata alijaza mwenyewe, akamjazia na jirani yake wa duka la mkaa.

Kazi hiyo ilichukua dakika arobaini, mtu mmoja na mtu mmoja. Ukumbi wa watu sitini na picha ukutani hauwezi kumpa mtu dakika arobaini zake. Ndiyo maana mlirudi na soda.

Nisieleweke vibaya, mifumo hii naiunga mkono. Nakumbuka enzi za dirisha. Mtu anapanda gari kutoka kijijini kufuata leseni, anaambiwa anayesaini katoka, aje Jumatatu; Jumatatu anaambiwa kitabu cha stakabadhi kimekwisha. Leo unapata namba ya malipo, unalipa kwa simu, pesa inaingia serikalini bila kupita mfukoni mwa mtu. Hiyo ni heshima kwa mwananchi. Ila aliyelihamisha dirisha kutoka ofisini akalitia ndani ya simu ana wajibu wa kumshika mkono yule aliyezoea dirisha la zamani. Siku ya kudai ushuru hakuna anayesema hana bajeti ya kufika kijijini, basi na siku ya kufundisha wafike.

Ombeni hivi. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Simama, toa hoja, hakikisha mtendaji ameiandika. Kutoka hapo iende Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani wenu. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na mipango ya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla ya hapo, kwa hiyo hoja ya mwezi Mei imechelewa. Isemeni mwishoni mwa mwaka. Na msiseme "tunaomba mafunzo ya TEHAMA", maana mtaletewa yaleyale ya ukutani. Andikeni: siku tatu za mchana, si siku moja, darasani shule ya msingi ya kijiji, kwa Kiswahili, watu wasiozidi ishirini, kila mtu na simu yake mkononi na shida yake halisi, aliyefuata leseni afanye leseni, aliyefuata zabuni afanye zabuni. Afisa TEHAMA wa halmashauri aje na vijana wawili watatu wa kijijini waliomaliza kidato cha nne, ili akiondoka wabaki wao. Gharama yake ni mafuta ya pikipiki, bando na waya wa kuchajia. Nimewahi kuandaa mafunzo ya makao makuu, najua pesa nyingi huishia kwenye nauli na chakula cha watu waliotolewa mbali.

*Habari Mama. Nina stashahada ya kompyuta, sina ajira. Kijijini kwetu mnara ulisimama mwaka jana, sasa intaneti inashika hadi shambani. Lakini watu wanapiga simu tu na kutazama video. Nataka kufungua ofisi ya kuwahudumia na kuwafundisha. Nilikwenda halmashauri kuomba mkopo peke yangu nikaambiwa haiwezekani. Ni kweli?*
*Kijana, Kigoma*

Ni kweli, na usikasirike. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kwa vijana hutolewa kwa kikundi. Ilisitishwa mwaka 2023 kwa sababu fedha nyingi zilikuwa hazirudi, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, na maombi siku hizi yanapita kwenye mfumo wa Wezesha. Unaona mwenyewe: hata kuomba mkopo kunahitaji mtu wa aina yako. Tafuta wenzako mnaoaminiana, msajiliwe kwa afisa wa kata, na andiko lenu liwe dogo na la kweli. Msiandike kompyuta kumi. Andikeni kompyuta mpakato moja, printa moja, sola ya kutosha na meza yenye kivuli.

Mnara wenu huenda ni mmoja wa ile 758 ambayo mikataba yake ilisainiwa Dodoma Mei 2023, kwa ajili ya kata 713. Iko chini ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kupeleka mawasiliano mahali ambapo kampuni za simu zikipiga hesabu haziioni faida. Kazi kubwa wameifanya. Lakini mnara haumfundishi bibi yako kusoma salio, na hapo ndipo penye riziki yako.

Sengerema, mkoani Mwanza, walianzisha kituo cha mawasiliano cha jamii mwanzoni mwa miaka ya 2000, kompyuta pamoja na redio ya jamii. Mimi naona palikuwa na busara kuviweka pamoja, kwa sababu mtu haendi kwenye kompyuta kutafuta kitu asichojua kama kipo. Anakisikia kwanza kwa lugha yake, kutoka kwa sauti anayoiamini. Wewe huna redio, ila una spika ya msikitini na ya kanisani, na una mnada. Omba dakika mbili: "Matokeo ya mitihani, fomu za mikopo ya chuo, leseni, vyote tunafanya hapa, na ukitaka tunakufundisha ufanye mwenyewe."

Bandika bei ukutani, kwa herufi kubwa. Na tafadhali mwanangu, soma barua iliyotangulia mara mbili. Usiweke namba yako kwenye akaunti ya mtu mwingine hata akikuomba. Kama hana barua pepe, mfungulie yake, mwandikie kwenye karatasi, aondoke nayo. Atarudi kwako kwa kuwa anakuamini.

*Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 71, nina kitochi. Mjukuu wangu anasema bila simu janja serikali hainijui tena. Pia kuna meseji zinakuja kila wiki kuniambia nitume pesa. Nishauri.*
*Mstaafu, Singida*

Shikamoo Mwalimu. Mjukuu ana nia njema ila amekosea. Kwenye kitochi hichohicho piga *152*00#. Itafunguka orodha ya huduma za taasisi za serikali, bila intaneti, bila bando. Unachagua kwa namba kama unavyochagua kwenye huduma za pesa. Mara ya kwanza ifungue tu uisome, hakuna kitakachoharibika; ukitaka kutoka, bonyeza kitufe chekundu. Simu janja ukiitaka, nunua kwa sababu unaitaka wewe, na umwambie mjukuu akae nawe jioni mbili tatu kama ulivyokaa naye alipokuwa anajifunza kusoma.

Hizo meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii" ni za matapeli. Hawakujui, wanatuma kwa maelfu ya watu wakitumaini kumpata mmoja ambaye siku hiyo alikuwa kweli anadaiwa na mtu. Usijibu, usipige hata kwa kuwatukana. Ujumbe upeleke 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya taarifa za utapeli wa simu, kisha ufute. Na akipiga mtu akijitambulisha kuwa ni wa mtandao wako, akakutaka namba ya siri ili "arekebishe pensheni yako", mkatie simu, hata kama anakuita Mwalimu.